Stiki Inatembea Yenyewe, Kitufe Hakiitiki: Jinsi ya Kutengeneza Vidhibiti vya Konsoli ya Mkononi

Mhusika wa gemu anaelekea kushoto na hakuna kidole kilichogusa kitu. Au unabonyeza kitufe cha kuruka mara tatu ndipo aruke mara moja. Wengi wakifika hapo huitupia konsoli kabatini na kuanza kuulizia bei ya nyingine. Hilo huniuma, maana mara nyingi mashine yenyewe ni nzima kabisa. Skrini haina shida, betri inashika chaji, bodi iko salama. Kilichochoka ni kipuri kimoja kidogo kinachofanya kazi kwa kusuguana, na kitu cha kusuguana lazima siku moja kiishe.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kufungua konsoli lakini ana mikono mitulivu na muda wa kutosha. Nimechukua Joy-Con, yaani kidhibiti cha pembeni cha Nintendo Switch kinachochomolewa, kuwa mfano mkuu, kwa sababu ndiyo inayolalamikiwa zaidi kwa stiki kutembea yenyewe na kwa sababu muundo wake ukishauelewa, mashine nyingine hazikutishi. Steam Deck, PSP na Game Boy nitazigusia panapohusika.

Jua kwanza ni nini kinachoumwa

Kosa linalopoteza pesa za watu wengi ni kununua stiki mpya kabla ya kujua kama stiki ndiyo mbovu. Dalili zinafanana, lakini chanzo chaweza kuwa kingine kabisa.

Ingia kwenye mipangilio ya konsoli, sehemu ya vidhibiti, ufungue ukurasa wa kupima stiki. Kwenye Switch upo, na kwenye Steam Deck upo pia. Achia stiki bila kuigusa, kisha tazama alama kwenye skrini. Ikisogea na kubaki upande mmoja, au ikitetemeka badala ya kutulia katikati, stiki imechakaa au imeingia uchafu. Sasa izungushe polepole ukifuata ukingo mpaka mzunguko ukamilike. Alama inapaswa kuufuata mduara mzima. Ikiruka ghafla mahali fulani, hapo ndipo njia ya kaboni iliyo ndani ya stiki ilipokwanguka. Ikishindwa kufika ukingoni upande mmoja tu na katikati inatulia vizuri, huenda haihitaji kipuri bali kusawazishwa tu.

Kama mhusika anaendelea kukimbia kwa sekunde moja au mbili baada ya kuachia stiki, kisha anasimama, hiyo si stiki. Huo ni mawasiliano ya redio yanayokatika. Mwaka 2017, Switch ilipotoka, baadhi ya Joy-Con za kushoto zilikuwa na tatizo hilo, na dawa yake ikawa kipande kidogo cha sponji inayopitisha umeme kilichowekwa ndani yake. Ili kuthibitisha, chomeka Joy-Con kwenye konsoli yenyewe ujaribu tena. Ikitulia ikiwa imechomekwa na ikasumbua ikiwa imechomolewa, usiinunulie stiki.

Kwa vitufe, sikiliza na uguse. Kitufe kinachozama na kuchelewa kurudi kimeshikwa na kitu cha kunata, mara nyingi soda iliyokaukia kandokando. Kinachorudi vizuri lakini kinataka kukandamizwa kwa nguvu kina tatizo la mguso chini ya mpira. Kinachotoa mlio wa "tik" lakini gemu haisikii, au inasikia mara mbili, swichi yake ndogo ya chuma imechoka. Na vitufe kadhaa vya upande mmoja vikifa kwa pamoja, siku moja, tena baada ya konsoli kuanguka au kufunguliwa, usivisingizie vitufe. Mtuhumiwa wa kwanza ni utepe wa nyaya uliochomoka.

Mambo ya kujaribu kabla ya kushika bisibisi

Sasisha programu ya konsoli na ya vidhibiti, kisha sawazisha stiki upya. Gemu nyingi pia zina mpangilio wa eneo mfu, yaani kiasi cha msogeo wa katikati ambacho gemu hulipuuza. Ukilipanua kidogo, stiki iliyoanza kuchoka inaweza kukuvusha kipindi kizuri. Ubaya wake ni kwamba misogeo midogo ya kulenga inapotea, kwa hiyo kwa gemu za kupiga shabaha haikufai sana.

Hatua inayofuata ni kusafisha bila kufungua. Zima konsoli kabisa. Chini ya kofia ya stiki kuna kisketi cha mpira. Kiinue taratibu kwa kipande bapa cha plastiki, dondosha tone moja la alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, kisha zungusha stiki pande zote kwa nusu dakika hivi. Dawa ya kusafishia miguso ya umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta, inafaa vilevile. Subiri ikauke kabisa ndipo uwashe. Usitumie mafuta ya kulainishia bawaba. Yanavuta vumbi na kuligeuza kuwa tope juu ya njia ya kaboni. Asetoni nayo weka mbali, itayeyusha plastiki.

Nikuambie ukweli kuhusu usafi huu: kama tatizo lilikuwa vumbi, limekwisha. Kama kaboni imekwanguka, utapata nafuu ya siku au wiki na ugonjwa utarudi, kwa sababu alkoholi huondoa unga uliokwanguka lakini haiwezi kuirudisha njia iliyoliwa. Ukiona inarudi kila baada ya muda mfupi, acha kuinyunyizia na uagize kipuri.

Angalia pia dhamana kabla ya kufungua chochote. Kwa Joy-Con zilizonunuliwa katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya, Uingereza na Uswisi, Nintendo ilitangaza Machi 2023 kwamba stiki zinazotembea zenyewe zitatengenezwa bure hata dhamana ikiwa imeisha. Ukiwa na haki ya namna hiyo, itumie. Kipuri cha bure kilichofungwa na aliyeitengeneza mashine ni bora kuliko jaribio la kwanza la mezani kwako.

Kwa nini stiki inachoka

Ukiielewa sehemu hii, kazi yote iliyobaki itakuwa na mantiki. Ndani ya stiki ya kawaida kuna vipande viwili vya kaboni, kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Juu ya kila kipande kinateleza kikwaruzo chembamba cha chuma. Umeme unapita kwenye kaboni, na mahali kikwaruzo kinapogusa ndipo konsoli inaposoma volteji. Katikati inasoma takriban nusu, ukingoni inasoma karibu na kikomo. Sasa fikiria kikwaruzo hicho kikipita njia ileile maelfu kwa maelfu ya mara. Kaboni inalika, unga wake unajikusanya, na sehemu inayolika zaidi ni katikati, kwa sababu ndipo stiki inapopita kila inaporudi. Kwa hiyo konsoli haidanganyiki. Inasoma kwa usahihi volteji isiyo sahihi.

Stiki za sumaku, zinazotumia kanuni iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879, hazina msuguano huo. Sumaku ndogo inasogea pamoja na stiki na kihisi kinapima uga wake bila kuguswa. Zipo za kubadilishia za Joy-Con na za Steam Deck. Kama unafungua mashine kwa ajili ya stiki iliyochakaa, mimi ningenunua ya sumaku bila kusita, mradi iwe ya muundo uleule wa konsoli yako. Fahamu tu kwamba springi yake bado ni springi, nayo inaweza kulegea siku moja.

Vifaa

Bisibisi ndicho kifaa kinachoamua kama kazi itaisha vizuri. Ganda la Joy-Con linafungwa kwa skrubu za mabawa matatu, umbo la herufi Y, saizi Y00. Ndani kuna skrubu za msalaba, saizi PH00 au PH000. PSP inatumia msalaba. Steam Deck ya kwanza ya 2022 inatumia msalaba pia, lakini ile ya OLED ya 2023 ina skrubu za nyota, saizi T6. Usijaribu kulazimisha bisibisi ya msalaba kwenye skrubu ya mabawa matatu. Itazunguka mara mbili, itakula kichwa, na kazi ya nusu saa itakuwa ya siku nzima. Skrubu ikishaanza kulika, weka kipande cha mpira mpana wa kufungia vitu juu ya kichwa chake, kandamiza bisibisi kwa nguvu kupitia mpira huo, kisha zungusha polepole. Mara nyingi inatoka.

Vingine unavyohitaji: kibano chenye ncha nyembamba, vipande bapa vya plastiki vya kubanulia (pleki ya gitaa inafaa sana), alkoholi ya isopropili, vijiti vya pamba, kitambaa kisichoacha nyuzi, taa nzuri na simu ya kupigia picha. Mita ya umeme si lazima kwa stiki, lakini kwa vitufe itakusaidia.

Chukua pia karatasi nyeupe. Chora umbo la konsoli yako, na kila skrubu unayoitoa ibandike kwa gundi ya karatasi mahali pake kwenye mchoro. Usione ni jambo la kitoto. Skrubu za konsoli hizi zinatofautiana urefu kwa milimita chache tu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa plastiki ya mbele au kukata njia ya umeme kwenye bodi. Steam Deck, kwa mfano, ina skrubu nane mgongoni na si zote za urefu mmoja.

Kabla ya kufungua

Chaji iwe chini ya robo. Betri ya lithiamu ikitobolewa ikiwa imejaa huwaka vibaya zaidi kuliko ikiwa karibu tupu. Zima konsoli kabisa. Kuilaza tu hakutoshi. Toa kadi ya gemu na kadi ya kumbukumbu. Kwenye Steam Deck jambo hili limewagharimu wengi, kwa sababu kadi ya microSD iliyosahauliwa huvunjika vipande viwili ganda linapobanuliwa. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme tuli ukutoke mwilini. Na ukikuta betri imevimba, usiikandamize wala kuibanua kwa chuma. Simamisha kazi, ipeleke mahali panapopokea betri chakavu, kisha endelea ukiwa na betri mpya.

Kubadilisha stiki ya Joy-Con

1. Chomoa Joy-Con kutoka kwenye konsoli, iweke kifudifudi, fungua skrubu nne za mgongoni. Kandamiza chini unapozungusha.

2. Ingiza pleki kwenye mshono, anzia upande ulio mbali na reli (ukingo unaochomekwa kwenye konsoli), na uizungushe polepole. Ganda likiachia, lifungue kama kitabu. Usilivute kulitenganisha! Nusu hizo mbili bado zimeunganishwa na tepe nyembamba za nyaya upande wa reli, na kuvuta kwa haraka hukata tepe hizo.

3. Piga picha. Kisha chomoa plagi ya betri kwa kuiinua juu kwa plastiki, ukishika plagi yenyewe na si nyaya. Betri imeshikwa na gundi kidogo. Inyanyue taratibu kutoka pembeni, uiweke kando. Tangu hapa hakuna umeme ndani, na ndiyo sababu hatua hii inatangulia kila kitu.

4. Chini ya betri kuna fremu ya plastiki iliyofungwa kwa skrubu za msalaba. Zitoe, ibandike kila moja kwenye mchoro wako. Fremu imebeba kitufe cha nyuma, na utepe wake bado umeshika kwenye bodi, kwa hiyo igeuze kando bila kuinyanyua moja kwa moja. Ukihitaji nafasi zaidi, fungua utepe huo kwanza.

5. Sasa stiki unaiona: kisanduku chembamba cha chuma, skrubu mbili pembeni, na utepe mfupi unaoingia kwenye soketi ya bodi. Hapa punguza mwendo. Tazama soketi kwa karibu, ikiwezekana kwa kukuza na kamera ya simu. Sehemu moja ni mwili mweupe au wa rangi ya maziwa, na juu yake kuna kimlango chembamba, mara nyingi cheusi au kahawia, upana wake kama ncha ya penseli. Kimlango hicho hakivutwi nje, kinainuliwa. Weka ncha ya plastiki chini ya ukingo wake na ukipandishe kama kifuniko, upande mmoja kisha mwingine, mpaka kisimame wima. Ukikisikia kinagoma, simama uangalie upya upande wa bawaba. Kimlango kikisimama, utepe unatoka wenyewe ukivutwa kidogo kwa kibano, sambamba na bodi. Ukikivunja kimlango, utepe hautashika tena, na kubadilisha soketi ni kazi ya kulehemu chini ya darubini. Ndiyo maana nimekaa sana kwenye hatua hii.

6. Angalia kama kuna utepe mwingine mdogo unaopita juu ya stiki. Kwenye Joy-Con ya kushoto utaukuta. Usogeze kwa upole, au ufungue soketi yake kwa njia ileile.

7. Toa skrubu mbili, inyanyue stiki. Huenda pete ya mpira inayozuia vumbi imebaki kwenye ganda; isafishe na uiache mahali pake. Pangusa na shimo la stiki, maana huko ndiko kunakojikusanya unga na vumbi.

8. Weka stiki mpya, kaza skrubu bila kuzikomesha kwa nguvu. Ingiza utepe kwenye soketi ukiwa umenyooka. Mstari wa alama kwenye utepe uwe sambamba na ukingo wa soketi. Ukiingia mshazari, upande mmoja wa stiki hautafanya kazi nawe utadhani umeuziwa kipuri kibovu. Laza kimlango, kisha uvute utepe kidogo sana kwa kibano. Usisogee.

9. Rudisha fremu, betri, na kabla ya kukaza ganda chomeka plagi ya betri ujaribu. Ikifanya kazi, funga. Isipofanya, chomoa betri na uutazame utepe tena.

Kuna njia ya kati ambayo wengi huitumia wakisubiri kipuri. Kifuniko cha chuma cha stiki ya Joy-Con kinaweza kulegea, vikwaruzo vikakosa mgandamizo wa kutosha juu ya kaboni. Kipande cha karatasi ngumu chenye unene wa karibu milimita 1, kikiwekwa juu ya kisanduku hicho cha chuma kabla ya kufunga, kinarudisha mgandamizo. Kujua kama kitakufaa, kandamiza kwa kidole sehemu ya ganda iliyo juu ya stiki wakati ukurasa wa kupimia uko wazi. Alama ikitulia ukikandamiza na kuhama ukiachia, karatasi itakusaidia. Isipobadilika, usijisumbue.

Joy-Con ya kulia inafuata njia hiyohiyo, ila ndani ina vitu zaidi, ikiwemo antena ya kusomea vikaragosi vya amiibo (sanamu ndogo za Nintendo zenye chipu) na kamera ya mwanga usioonekana. Tepe ni nyingi, picha zako ziwe nyingi.

Switch Lite na Steam Deck

Switch Lite ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu stiki ziko ndani ya mwili mmoja na konsoli nzima. Utakutana na bamba la chuma lililowekewa dawa ya kupitisha joto. Ukiliondoa, hakikisha dawa hiyo inarudi mahali pake ikiwa imeenea, au weka mpya inayojaza nafasi ileile. Ukiisahau, stiki itapona na konsoli itachemka.

Steam Deck ni rafiki zaidi. Baada ya mgongo kutoka, chomoa betri. Stiki imeshikwa na skrubu tatu na kuunganishwa kwa utepe. Lakini stiki za ile ya kwanza zilitengenezwa za aina mbili zisizoingiliana, A na B. Soma alama zilizo kwenye kibodi kidogo cha stiki uliyo nayo kabla ya kulipia kipuri, maana kwa nje zote mbili zinafanana.

Vitufe vya mpira

Sasa tuje kwenye vitufe. Mimi naipenda kazi hii kuliko ya stiki, kwa sababu mara nyingi huhitaji kununua chochote.

Game Boy ya 1989, Game Boy Advance, Nintendo DS na nyingine nyingi zilizofuata zinatumia mfumo mmoja. Chini ya plastiki ya kitufe kuna karatasi laini ya mpira yenye vilima. Ndani ya kila kilima, upande wa chini, kuna kidonge cheusi cha kaboni. Kwenye bodi kuna njia mbili za umeme zilizosukwa kama vidole vya mikono miwili visivyogusana. Ukibonyeza, kidonge kinashuka, kinaunganisha vidole hivyo, na konsoli inajua umebonyeza. Ugonjwa unaweza kuwa kwenye kidonge au kwenye vidole.

Geuza karatasi ya mpira uilaze chini ya taa. Kidonge kizima kina weusi uliofifia, kavu, sare. Kidonge chenye shida kinang'aa kama kimepakwa mafuta, na kweli kimepakwa: ni mafuta ya ngozi na ya mpira wenyewe yaliyopanda juu. Pangusa kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi kidogo, mara moja au mbili tu, bila kusugua mpaka pamba iwe nyeusi. Weusi huo ndio kaboni yenyewe inayoondoka. Kwa kidonge kigumu kupona, kivute juu ya karatasi nyeupe ya kawaida mara chache ili ngozi ya juu itoke. Ukiwa na mita, pima: ncha zote mbili juu ya kidonge kimoja, bila kutoboa. Chenye afya kinasoma omu mia chache au chini ya hapo. Kikisoma maelfu, kimechoka.

Kisha bodi. Kama vidole vyake vina rangi ya dhahabu, pangusa kwa alkoholi. Doa likigoma, kifutio laini cha penseli kinaweza kusaidia. Kama ni vyeusi, vimepakwa kaboni, na kifutio kitaiondoa. Hapo tumia alkoholi peke yake, kwa mkono mwepesi.

Kidonge kilichokufa kabisa kina dawa tatu. Bora ni karatasi mpya ya mpira, ambayo kwa konsoli za zamani bado zinatengenezwa. Ya pili ni rangi ya kaboni inayopitisha umeme, tabaka jembamba, iachwe ikauke kwa muda unaotajwa kwenye chupa. Ya tatu ni kupaka risasi ya penseli laini, ambayo nakushauri uitumie ikiwa tu unataka kuthibitisha kwamba kidonge ndicho chenye kosa, kwa sababu unga wake huanguka kwenye bodi na kuunganisha mahali pasipotakiwa.

Kuna tatizo la kinyume: kitufe cha msalaba cha mielekeo kinachosikia zaidi ya unachobonyeza. Unataka kulia, mhusika anaruka kwa sababu "juu" nayo imeguswa. Konsoli nyingi ndogo za kuchezea gemu za kale zina kasoro hii zikiwa mpya. Rekebisha kwa utepe mwembamba wa kunata: ubandike kwenye bodi ufunike sehemu ndogo ya ukingo wa vidole vya kila mwelekeo, ili kidonge kiguse tu kinapokandamizwa sawasawa. Anza kwa kufunika kidogo, jaribu, ongeza. Ukifunika kupita kiasi kitufe kinakuwa kizito.

Plastiki za vitufe zenyewe zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uzikaushe kabisa. Vitufe vingi vina kijino au mkato unaoonyesha tundu lake. Kisipokaa vizuri usikisukume, kimekosea njia.

Vitufe vya mabegani

Hivi mara nyingi ni swichi ndogo za chuma zilizolehemiwa. Jaribu kwanza tone la alkoholi pembeni mwa swichi, betri ikiwa imechomolewa, kisha bonyeza mara hamsini hivi ili iingie ndani na kutoka na uchafu. DS Lite nyingi hupona hapo, na kama umetazama kwanza ukaona mhimili wa plastiki au springi yake imehama, umeokoa hata tone hilo.

Isipopona, swichi inabidi ibadilishwe kwa kulehemu. Pasi ya karibu nyuzi 350 za Selsiasi, ncha nyembamba, dawa ya kutiririsha risasi ya kulehemu (flaksi) ya kutosha, na subira ili usiinue njia za shaba kwenye bodi. Kama hujawahi kulehemu, anza na bodi mbovu ya redio au kifaa kingine kilichokufa, si na konsoli unayoipenda. Au umpe fundi hatua hii moja, umpelekee bodi ikiwa imeshatolewa. Utakuwa umemrahisishia kazi kubwa.

Kufunga na kusawazisha

Fuata picha zako kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza. Skrubu zinazoingia kwenye plastiki zianze kwa kuzungushwa kinyume mpaka usikie zinadondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo uzikaze. Ukizianzisha upya kwa nguvu zinakata njia mpya na baada ya kufungua mara chache ganda halishiki tena. Mshono ukibaki na mwanya, usiukaze kwa skrubu. Fungua, kuna utepe au waya umebanwa.

Baada ya kuwasha, sawazisha stiki mpya hata kama inaonekana iko sawa, hasa ya sumaku, kwa sababu katikati yake haifanani na ya ile iliyotoka na konsoli bado inakumbuka ya zamani. Wakati wa kusawazisha, usiishike konsoli mkononi. Iweke mezani, stiki izungushwe hadi ukingoni bila kukandamizwa chini. Rudisha eneo mfu la gemu kwenye kiwango cha awali kama ulikuwa umelipanua. Kisha bonyeza kila kitufe kimoja baada ya kingine kwenye ukurasa wa kupimia, vikiwemo vile ambavyo hukuvigusa, pamoja na mtetemo na vihisi vya msogeo. Ukikuta kimoja kilichokuwa kizima sasa kimekufa, ni utepe ulioupita njiani, na sasa unajua soketi yake ilipo.